Kibla Iliyobebwa Kutoka Pwani

Ukitaka kujua nani ni nani Ujiji, uliza habari za mlango wa msikiti wetu. Mlango wa mninga, wenye nakshi za maua na misumari ya shaba. Kila ukoo unaojiheshimu utakuapia kwamba ni babu yao aliyeubeba kutoka pwani, kwa miguu, pamoja na misafara. Nimewahesabu mababu hao, wakafika kumi na wanne. Mlango wenyewe una mbao mbili. Wengine walibeba nini sijui, labda walibeba hadithi.

Babu wa baba yangu, bila shaka, alitangulia wote. Baba alikuwa mwenyekiti wa kamati ya msikiti, na kila kikao alikifungua kwa kutukumbusha kuwa sisi si watu wa kuja. Tulitoka pwani, lakini hatukuja. Sijui tulifikaje, basi.

Msikiti, tuseme haki, ulikuwa mzuri. Kuta zake za matofali ya udongo zilikuwa nene kiasi cha mkono mzima, zimepakwa chokaa, na jua la mchana likiwaka, ndani kulikuwa na ubaridi wa mtungi. Katika ukuta wa mbele walichimba mihrabu ndogo yenye tao lililopinda kidogo. Wazee walisema ni ufundi wa zamani. Mimi nadhani fundi alikuwa na haraka ya kwenda kula.

Sasa, mwaka ule ambao boti za wakimbizi kutoka Burundi zilikuwa zikitua ufukweni mwa ziwa karibu kila wiki, jirani yetu mmoja alirudi kutoka Hija na msala wenye dira. Akautandika msikitini, akatazama sindano, akatazama mihrabu, akakaa chini. Havikukubaliana. Ukuta ulielekea kaskazini kabisa, dira ikasema geukeni kulia.

"Imeingia unyevu wa ziwa," baba akasema. Ikaletwa ya pili, ikaletwa ya tatu. Zote zimeingia unyevu! Imamu akawatuliza, akasema aliyeswali kwa kutojua hana kosa. Lakini kamati ilikwishapandwa na mori: tuvunje ukuta, tujenge wa bloku za saruji. Wazee wetu hupenda historia mpaka wapate nafasi ya kuibomoa.

Fundi wa kubomoa alikuwa nyumbani kwetu. Alikuwa Mrundi, mpangaji wa chumba cha uani, yeye na mkewe na watoto watatu. Mkristo, na Jumapili aliimba nyimbo zake kwa sauti ambayo hata kuku walijua ubeti. Kwa uashi hakuwa na mwenzake. Na wiki hiyohiyo ilitoka amri kwamba wakimbizi wanaoishi mjini wapelekwe kambini, ila atakayeandikiwa barua ya udhamini na wenyeji wa kuaminika atasikilizwa.

Akamwomba baba barua.

"Maliza kazi kwanza," baba akamwambia. "Barua haikimbii."

Jioni fundi akanijia, akanisalimu kwa Kirundi chake. Mimi nilikuwa mwalimu wa jiografia shule ya msingi kule Gungu, na kwa kuwa ni mwanamke hakuna aliyefikiri kuniuliza dunia imekaaje. "Amahoro, mwalimu. Nina swali. Ule ukuta umenyooka sana. Mtu aliyekosea hanyooshi hivyo. Hawa walijua wanachofanya."

Nikafungua atlasi, nikachukua uzi wa kushonea. Nikauvuta kutoka pwani hadi Maka: ukapanda juu wima, kaskazini tupu. Nikauvuta kutoka Ujiji: ukalala kulia. Tukatazamana. Wale mababu walikuja na kibla ya kwao. Nyumbani kwao pwani Maka iko mbele wima, wakadhani hata huku, mwisho wa safari, bado iko mbele wima.

Fundi akacheka hadi machozi. "Hata mimi," akasema, "nikiamka usiku bado natafuta mlango upande uliokuwa kule kwetu."

Hakuuvunja. Aliwaambia kamati ukuta ule umebeba paa lote, ukiondoka na paa linafuata. Akaziba sehemu zilizoliwa na mvua, kisha akavua viatu, akavuta kamba yake sakafuni kwa mshazari uleule wa uzi wangu, akachora mistari ya rangi nyekundu ili mikeka ifuate. Siku nne, kazi imekwisha. Msikiti wa Waislamu ukawekwa sawa na Mkristo na mwalimu wa kike. Hilo halikuandikwa kwenye kumbukumbu za kikao.

Akamkumbusha baba barua. Baba akasema kamati lazima ikae. Ikakaa. Wakajadili mlango upakwe rangi gani. Akamkumbusha tena. Nami nikasema, mbele ya wageni, "Baba, ukuta ule unatusema. Na sisi ni watu wa kuja." Akaniambia nikaandae chai.

Gari la kambini lilikuja Ijumaa, wanaume wakiwa msikitini, wamejipanga barabara juu ya mistari myekundu. Mkewe fundi aliondoka na sufuria ya maharage ikiwa moto. Nilimshikia mtoto mdogo hadi garini, nikalia mbele ya watu bila aibu.

Baba aliporudi akakuta uani kimya. Akaketi, akaandika barua. Barua nzuri, nisimnyime haki yake, yenye muhuri na majina ya kamati nzima: "Huyu ni mwenzetu, mwenyeji wa hapa." Nikaipeleka kambini mwenyewe.

Fundi aliisoma amesimama mlangoni pa hema. Akaisoma mara ya pili. Orodha ya wenye udhamini ilikuwa imefungwa siku mbili nyuma. "Mwambie mzee barua ni nzuri," akasema. Kisha akauliza kama mvua imeingia tena kwenye ukuta.

Nikarudi. Baba alikuwa akinisubiri barazani.

"Amesemaje?"

"Amesema barua ni nzuri."

"Si angenikumbusha."

"Alikukumbusha, baba. Mara mbili."

Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo, akafungua vikao vingi. Habari za babu yake na mlango sikumsikia akizisimulia tena.