Mama wa Mitandio

Kwenye mlango wa kanisa kuu la Orvieto, Italia, Fiorenza aliuza tiketi na mwenzake, mama mmoja mtu mzima, akawafunika mitandio wageni waliokuja mabega wazi, maana hawaruhusiwi kuingia hivyo. Mama yule hakumpa mtu mtandio ajifunge mwenyewe. Alimzungushia, akafunga fundo kwa vidole vyake vilivyovimba viungo, kisha akanong'ona, "Haya pita, mwanangu," hata kwa bibi mwenye mvi. Fiorenza alizoea kumtania kwamba anawavisha kama anawapeleka shule. Mchana ule simu ya mama ikalia. Akasikiliza, akasema ahsante, akairudisha mfukoni na kuchukua mtandio mwingine.

"Nani huyo?" Fiorenza akauliza.

"Hospitali. Dada amefariki."

"Sasa unangoja nini, shoga? Nenda."

"Niende wapi? Nyumbani tulikuwa wawili tu."

Foleni ikasogea. Msichana mmoja mgeni, mabega wazi, akainama mbele yake. Mama akamzungushia mtandio, akafunga fundo, lakini vidole havikuachia. Alibaki ameung'ang'ania, kichwa amekiinamisha. Msichana akadhani ndiyo desturi ya pale. Akafumba macho, akasubiri abarikiwe.