Kilima Nilichokikata

Nilikuwa karani wa masjala serikalini kwa miaka mingi, mpaka ilipokuja ile miaka ya kupunguza watu, nami nikapunguzwa kama tawi la mzabibu. Baada ya kuhangaika sana nikapata kibarua kwenye makumbusho madogo hapa Dodoma mjini. Nasema makumbusho kwa heshima tu. Ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu, yenye ngoma, vibuyu, mikuki miwili mitatu, na masanduku ya picha za zamani za vijiji vya huku: watu mbele ya tembe zao, zile nyumba za udongo za paa bapa, ng'ombe visimani, harusi, misiba. Nyingi zilipigwa na mabwana shamba na walimu, kabla watu hawajahamishiwa vijiji vya ujamaa. Wafadhili walituletea kompyuta moja na skana moja. Kazi yangu ilikuwa kuziingiza picha zote humo, kisha tuzirudishe vijijini kwenye sidii, bure, ili wenye historia yao waipate.

Maneno hayo yalikuwa matamu siku ya uzinduzi. Baada ya hapo nilibaki mimi na skana. Ilikwenda kwa mwendo wa mtu anayerudi kutoka msibani, na umeme wa mgao ulikuwa ukikatika picha ikiwa imefika nusu. Unaanza upya. Vumbi linaingia, unafuta kioo, unaanza upya. Nilikuwa narudi nyumbani macho yamewiva na mgongo unauma, watu wangu wakiniuliza nimefanya nini kutwa nzima nawaambia nimeweka karatasi kwenye kioo.

Halafu kompyuta ikaanza kujaa. Nilimwambia mkuu wetu, naye hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka kama mimi. Akaangalia picha mbili tatu, akasema, "Hapa nusu nzima ni anga na vichaka. Kata. Watu wanataka sura za wazee wao. Vichaka wanavyo nyumbani."

Nikakata. Nilikata anga, nikakata miti, nikakata vilima, nikabakiza watu. Picha zikawa nyepesi na sura zikaonekana vizuri, na sitaficha kwamba nilijisifu. Kwa mara ya kwanza tangu nipunguzwe kazi niliona kuna kitu ninakijua kuliko mkubwa wangu.

Picha zenyewe za karatasi tulizirudisha masandukuni. Lakini makumbusho nayo yaliambiwa yajitegemee, kama kila kitu wakati ule, kwa hiyo mkuu akaipangisha stoo kwa muuza vipodozi, na masanduku yakahamia kwenye kibanda cha uani. Mchwa wa Dodoma hawasubiri barua ya mwaliko. Nilipokwenda kuyaangalia miezi kadhaa baadaye, nilifungua sanduku la kwanza nikakuta udongo. La pili hivyo hivyo. Mkuu alishika kiuno, akasema, "Si ziko kwenye kompyuta?" Nikajibu ziko.

Tukaanza kuzunguka vijijini na jenereta, projekta na shuka jeupe. Hombolo tuligawa sidii kwenye ofisi ya kata, na niliporudi huko siku nyingine nikaikuta moja inaning'inia kwenye mizabibu ya mtu, inang'aa kuwafukuza ndege. Sikukasirika. Kompyuta ya kuichezeshea wangeitoa wapi? Angalau ndege walikuwa wanaiangalia.

Haneti tuliingia kwenye darasa la shule, tukaziba madirisha kwa mablanketi, watu wakajaa mpaka mlangoni. Ilipofika picha ya familia moja mbele ya tembe, mama mmoja mzee akainuka nyuma. Akapita katikati ya watu mpaka mbele, akagusa shuka kwenye sura ya mwanamume aliyesimama katikati. "Huyu ni baba yangu," akasema. "Na huyu mwenye mtoto mgongoni ni mimi." Watu wakapiga makofi. Yeye hakugeuka. Alisogea kando ya shuka, akawa anaangalia ukuta mtupu pale picha ilipoishia. Akalishika pindo la shuka akalifunua, akachungulia nyuma yake.

"Kilima kiko wapi?" akauliza.

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana nilikuwa nimeelewa. Akanieleza pale pale. Baba yake alizikwa ndani ya zizi lake, kama wenye mji, wakuu wa kaya, walivyokuwa wakizikwa. Operesheni ya kuwahamishia watu vijiji vya ujamaa ilipokuja, tembe zilibomolewa na miiba ya zizi ikachomwa, pakabaki uwanja. Baba yake alihamia pale yeye akiwa ameshaolewa mbali, na pale mahali alifika mara mbili tu: siku ya picha na siku ya mazishi. Anachokumbuka ni kilima chenye jiwe lililopasuka, nyuma ya zizi. Sasa watoto wa kaka yake wanataka kuweka mawe ya kaburi na kumwaga pombe ya tambiko kabla ya mvua, lakini wamechagua upande wa pili wa kilima, karibu na barabara. Amewaambia si hapo. Wamemjibu kwamba yeye ni mtu wa ndoa ya mbali, hajui.

"Picha ilikionyesha kilima na ufa wake," alisema. "Bwana shamba alitusogeza makusudi ili kionekane. Wakiuona ufa umeelekea wapi, watajua tulisimama upande gani."

Jenereta lilikuwa linakohoa, mafuta yanaisha, na nilikuwa nimesimama tangu asubuhi. Nilitaka tu nirudi nyumbani. Nikamwambia, "Picha kamili iko mjini, mama. Njoo ofisini."

Uongo wa mtu aliyechoka ndio huo. Hauna hata faida.

Alikuja wiki iliyofuata. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi za mlangoni, amevaa kitenge kipya, miguu imejaa vumbi mpaka magotini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa ile picha."

Nilimkaribisha ndani, nikampa maji, nikawasha kompyuta kama vile ningekuta imeota kilima usiku. Sura ya baba yake ikatokea, kubwa na safi. Nikamwuliza kama nimchapie aende nayo. Akasema ataichukua, asante, ila anataka ile nyingine. Nikapiga moyo konde. Nikamwambia kilima nilikikata mimi, ili picha zienee, na ya karatasi imeliwa na mchwa. Nikamwambia pia kwamba niliyajua hayo yote siku ile Haneti.

Nilingoja anitukane. Ningefarijika. Alikunja mikono mapajani, macho kwenye skrini.

"Wanasema kilima cha kwenye picha nimekiota," akasema. "Wewe unaandika?"

"Naandika, mama."

"Basi andika kwamba picha ilikuwa na kilima, na wewe ndiye uliyekikata. Ugonge na mhuri."

Nilijua mkuu hatafurahia karatasi ya namna hiyo yenye mhuri wetu ikitembea Haneti. Nikachukua karatasi hata hivyo. Niliandika kwa mwandiko wangu wa masjala kwamba picha ilikuwa na kilima nyuma ya tembe, na kwamba nilikiondoa kwa mkono wangu. Nikamsomea. Akatikisa kichwa kukubali.

"Sasa andika ule ufa wa jiwe ulielekea mkono gani. Wewe umeuona."

Nikashika kalamu. Nilikumbuka kanzu ya baba yake, nilikumbuka kichwa cha mtoto mgongoni kwake, nilikumbuka hata jinsi nilivyoivuta ile pembe ya picha kushuka chini mpaka kilima kikatoweka. Kilima chenyewe sikukiona. Nilikuwa natafuta mahali pa kukatia.

"Sikumbuki, mama," nikasema.

Aliniangalia, si kwa hasira.

"Na hilo liandike," akasema.

Nikaliandika, nikagonga mhuri.