Mashine Zilizousingizia Mkono wa Dereva

Jumatano, tarehe 12 Machi. Asubuhi ni ya mawingu; manyunyu yalianza kabla ya jua kuchomoza na bado hayajakata. Saa mbili na nusu, katika chumba cha mazoezi cha kituo cha kutibu viungo, mwanamke wa miaka hamsini na mmoja amepiga magoti sakafuni, bisibisi mkononi, mbele ya masanduku kumi na mawili ya mbao. Hajamsalimu mtu. Anafungua skrubu ya kwanza huku midomo ikimcheza.

Mtaalamu wa mazoezi, binti mrefu aliyevaa raba nyeupe, anamuuliza kama anahitaji msaada.

"Nipe dakika moja, mwanangu," anajibu bila kuinua kichwa. "Namwomba Mungu anishike ulimi. Leo naweza kusema neno nikalijutia mpaka kaburini."

Hapa wanamwita Mama Feni, kwa sababu hakuna sanduku linalotoka mikononi mwake bila feni ndogo ya kulipooza. Kazi yake ni kuunda mashine za michezo ya zamani, ile ambayo watu wazima wa leo waliifuata utotoni na sarafu mfukoni. Ndani ya kila sanduku mna kompyuta ndogo ya bodi moja, isiyozidi kadi ya benki kwa upana, yenye programu inayoigiza mashine zile za kale. Nje kuna kioo, fimbo ya kuchezea na vitufe sita.

Shida huanzia kwenye kasi. Kompyuta hiyo ikiachwa kama ilivyotoka kiwandani, michezo mizito huilemea. Gari linalokimbia kwenye kioo linarukaruka, na sauti inakatika kama mtu mwenye kwikwi. Kwa hiyo Mama Feni huilazimisha ikimbie kuliko ilivyopangiwa. Anaipandisha megahezi hamsini, kipimo cha kasi yake, anafunga kifuniko, anakaa na kucheza saa nzima. Ikistahimili, anapanda tena. Ikiganda, anarudi hatua mbili nyuma, na namba hiyo anaiandika kwa wino mzito ndani ya kifuniko.

"Bodi zinatoka kiwanda kimoja, siku moja, lakini kila moja ina roho yake," anasema. "Hii inafika elfu mbili na mia moja huku inacheka. Jirani yake ukimpa elfu moja na mia nane tu, anazimia. Hujui mpaka ukae naye."

Hakuzaliwa na ujuzi huo. Kwa miaka kumi na tisa alipiga pasi kwenye duka la dobi. Alipofikisha arobaini na mbili akaanza masomo ya jioni ya ufundi wa elektroniki, akikaa dawati moja na watu wa umri wa wanawe. Mwaka wa kwanza alifeli, akarudia. Kila jioni, anasema, alisali nje ya mlango wa darasa kabla ya kuingia, si kwa ajili ya mtihani bali kwa ajili ya aibu.

Leo anatengeneza mashine tano kwa mwezi, ikizidi sana sita. Zinamlipia pango la chumba cha kazi kilicho chini ya ngazi, na la chumba anacholala.

Mwaka jana kituo hiki kilinunua mbili. Wagonjwa wa hapa, waliopooza au kuvunjika mikono, huchoka kufinya mpira wa sponji mara mia. Wape gari la kuendesha kwenye kioo, watafinya mara elfu bila kuhesabu. Sharti ni kwamba picha iufuate mkono papo hapo.

Aliyezipenda kuliko wote ni dereva wa lori mstaafu, mzee wa miaka sitini na saba. Kiharusi kiliuchukua mkono wake wa kulia, mkono uliobadili gia kwa miaka thelathini na minne. Alianza kwa kubonyeza kitufe kimoja. Kufika Desemba alikuwa anamaliza mizunguko mitatu bila kutoka barabarani, na asubuhi moja alikuja na shati alilolifunga vifungo mwenyewe. Akamtaka kila mtu alishike alihakiki.

Kituo kikaomba mashine kumi na mbili zaidi. Mama Feni akaomba miezi mitatu.

Hapo ndipo alipoingia shemeji yake, mume wa mdogo wake, ambaye humtafutia wateja na ambaye sokoni anajulikana kama Chapchap. Miezi mitatu kwake ilikuwa kichekesho. Alimuuliza kama anaunda michezo au anaatamia mayai.

Mwezi uliopita Mama Feni alisafiri kwenda msibani, akamwachia ufunguo. Masanduku na bodi vilikuwa tayari, feni bado. Chapchap akafungua droo, akachukua kadi ya kumbukumbu, inayobeba programu pamoja na kasi iliyopangwa, ya mashine bora kuliko zote, ile ya elfu mbili na mia moja, akainakili mara kumi na mbili na kuchomeka kila nakala kwenye bodi yake. Alasiri moja tu. Kesho yake mzigo ukawa kituoni, kila sanduku na kibandiko chenye jina la Mama Feni.

Siku ile zote ziliwaka, na watu wakapiga makofi.

Ndani ya wiki zikaanza kuchoka kwa joto. Zingezima kabisa, pengine isingeuma sana. Hizi ziliganda nukta mbili tu, kisha zikaendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Nukta mbili zinatosha gari kuingia mtaroni. Mwenye mkono mzima angeitukana mashine. Dereva aliutukana mkono wake.

"Nilibonyeza, gari halikukata kona," anasimulia polepole, upande mmoja wa mdomo ukiwa bado mzito. "Nikabonyeza tena. Nikasema basi, ule ugonjwa umerudi. Sikumwambia mtu. Nikaacha kuja."

Kwa siku kumi na moja hakuonekana. Vifungo akarudi kufungiwa na mkewe. Wagonjwa wengine wawili waliomba majina yao yafutwe kwenye orodha ya mazoezi. Mtaalamu ndiye aliyegundua, siku alipokaa kucheza mwenyewe, akampigia simu Mama Feni kule msibani na kumfuata dereva nyumbani kwake kumbembeleza arudi, walau leo. Mkuu wa kituo akatoa neno lake: jambo hili lisipopata jibu leo, mashine zote, hata zile mbili za kwanza, zinaenda stoo na hazitoki tena.

Kufikia saa nne na nusu masanduku yote yako wazi. Hakuna feni hata moja. Mama Feni anaandika joto la kila bodi kwenye karatasi, na kila namba anaikandamiza mpaka kalamu inatoboa.

Saa tano anaingia Chapchap, mwavuli kwapani, ucheshi ukimtangulia.

"Shemeji, mbona umenuna hivyo? Msiba si tulishamaliza kuzika?"

Mama Feni anamsogezea kigoda kwa mguu. "Kaa. Cheza."

"Utanifunga mabao mangapi leo?"

"Cheza."

Anacheza. Ni mchezaji mzuri, na dakika tano za kwanza anatamba, akiwaeleza wagonjwa jinsi kona inavyokatwa na wanaume. Kwenye dakika ya saba picha inaganda. Inapoamka, gari liko mtaroni. Chapchap anabonyeza tena, mara tatu kwa nguvu, kisha anakigeuza kidole gumba chake na kukitazama.

"Mbona nimebonyeza," anasema.

Hakuna anayecheka. Dereva anamtazama kutoka kiti chake cha dirishani.

"Umeutazama mkono wako," anamwambia. "Mimi niliutazama hivyohivyo siku kumi na moja."

Chapchap anamwomba shemeji yake watoke kidogo. Koridoni anaongea kwa kunong'ona: pole sana, alidhani bodi ni zilezile, mambo haya wayamalize kifamilia, mkewe asisikie. Jibu la Mama Feni linasikika mpaka mwisho wa chumba.

"Mimi pole yako siitaki. Mimi nina mikono miwili mizima. Ulimfanya mtu mzima akae kwake analia kwamba ugonjwa umemrudia, kwa sababu wewe ulikuwa na haraka. Pole yako ipeleke ilikotakiwa, na uiseme wasikie."

Anarudi peke yake na kusimama katikati ya chumba. Chapchap anachelewa. Anapoingia, mwavuli ameuacha nje, na ucheshi nao.

"Mzee," anasema, "si mkono wako. Ni mimi. Nilichukua kasi ya bodi moja nikazivisha zote. Mkono wako haukukosea hata mara moja."

Dereva anaufungua mkono wa kulia juu ya goti, anaufumba, anaufungua tena. Halafu anakinyooshea kidole kile kibandiko kwenye sanduku lililo karibu naye.

"Na hili jina ni la nani?"

Tangu ile simu, kwa siku nne, hasira ya Mama Feni ilikuwa na mtu mmoja tu wa kumwangukia. Swali hilo linaigeuza njia. Anataka kujibu haraka, anajizuia. Kisha anawaeleza jambo ambalo hakuna aliyemuuliza. Ile kadi ilikuwa ndani ya bahasha, na juu ya bahasha yeye mwenyewe aliandika neno moja: TAYARI. Hakuandika ni ya bodi ipi.

"Ilikuwa tayari kwa bodi moja tu duniani," anasema. "Hilo nililijua mimi, nikaona linatosha kulijua peke yangu. Nami nimemkosea mzee."

Mkuu wa kituo ameshafika mlangoni, mikono nyuma, na anauliza kama jibu limepatikana. Mama Feni anaweka bisibisi chini. Anaanza kubandua vibandiko, kimoja kimoja, kwenye masanduku yote kumi na mawili, na Chapchap anabeba takataka kwa viganja viwili. Akimaliza anajifuta mikono kwenye aproni na kusimama wima mbele ya wagonjwa sita, mtaalamu, mkuu na shemeji yake. Sauti bado ina hasira.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu nyote mnaonisikia," anasema. "Hizi zinarudi kwangu leo. Nitazifungia feni, na nitakaa na kila moja mpaka nijue uwezo wake, hata kama mwingine ataita hilo uzembe. Zitarudi hapa moja moja, bila jina. Dereva atacheza wa kwanza, kwa mkono wa kulia, saa nzima, kifuniko kikiwa kimefungwa. Ikimdanganya hata nukta moja, naibeba kichwani naondoka nayo. Na siku atakaposema yeye mwenyewe kwamba imeufuata mkono wake, siku hiyo tu ndipo nitabandika jina langu."