Daktari wa Kwato za Punda

Aibu niko nayo inatosha kijiji chetu cha Birongo kizima, wacha niwagawie. Punda ya jirani yangu Mama Kerubo ilianza kuchechemea, na ndizi zake zinaiva shambani. Mimi, ambaye sijawahi kutibu hata kuku, nikamwambia, "Achana na daktari wa mifugo. Hao wanajua sindano tu. Mimi natibu kwato na dawa ya asili."

Nikaponda mwarobaini, nikachanganya na majivu, nikapaka juu ya kwato na kufunga na kamba ya mgomba. Kila asubuhi nakaza zaidi. Punda ikazidi kuchechemea, nikasema huo ni ugonjwa unatoka. Wiki nzima Mama Kerubo akabeba ndizi na kichwa mpaka sokoni, shingo ikaingia kwa mabega kama ya kobe.

Jana akachoka. Mbele ya majirani wote akaniuliza, "Baba Moraa, hii mguu umewahi kuinua uone chini?"

"Mama, dawa ya asili inaingilia juu."

Akainua mguu, akachokoa na kijiko. Jiwe likaanguka, kubwa kama yai, lile nilikuwa nalisukuma ndani kila asubuhi nikikaza kamba. Punda ikajiendea.

Akaniwekea jiwe mkononi. "Shika, daktari. Hili ndilo lilikuwa linapata nafuu na dawa yako."