Kuku, Wali na Mukwe Wangu Ndani ya Ndege

Wengine wanapenda ndege kwa mbio yake. Mimi naipenda kwa sababu ya musichana mumoja aliyetupatia chakula, na nitamusifu mpaka siku watanizika.

Binti yangu alikuwa amezaa Kinshasa, mutoto wa kwanza. Mukwe wangu, bwana yake, akaja Goma kunichukua. Mukwe mwema, murefu, hasemi sana. Asubuhi akanikuta nyumbani Mabanga sijagusa chai bado. Sasa kwetu, watu wa milima ya Masisi, mama haonyeshi kinywa kinachotafuna mbele ya bwana ya binti yake, na yeye vilevile. Najua vijana wa leo wanakula ugali na wakwe zao katika sahani moja. Waache wale. Mimi siwezi. Chai nikaiacha ikapoa.

Kwenye uwanja, ndege ikachelewa. Tukakaa kwenye benchi moja, yeye huku, mimi huku, tumbo langu linaongea kuliko radio. Na nilikuwa na dawa ya tansio, ile shinikizo la damu, ya kumeza. Munganga alinikataza kuimeza bila kula, sababu siku moja nilifanya hivyo nikaanguka sokoni juu ya ndizi za watu. Mwenye ndizi alilia kunipita mimi.

Tukapanda. Kumbe mukwe alitupatia viti viwili vya bega kwa bega, akidhani ni heshima! Na ndege imejaa mpaka nyuma. Musichana wa ndege akasimama mbele, akarusha mikono huku na kule kama kiongozi wa kwaya, karibu niitike. Kisha akanifunga mukanda yeye mwenyewe, taratibu, kama mutu anayefunga mutoto mugongoni.

Kichwa kikaanza kunizunguka. Nikatoa kidonge, nikakishika tu. Ndipo chakula kikaja. Kuku! Wali! Harufu ilinifikia kabla ya kigari.

“Koko, kuku ao samaki?” musichana akaniuliza. Koko, ndiyo bibi kwa Lingala.

“Aksanti, mwanangu. Nimeshiba.”

“Na papa huyu kando yako?”

“Mimi pia nimeshiba,” mukwe akasema, lakini macho yake yalimusindikiza yule kuku mpaka viti vya nyuma.

Muzee wa ngambo ya pili ya njia akadakia: “Basi leta zao hapa! Mimi sijashiba tangu ubatizo!”

Watu wakacheka. Musichana hakucheka. Aliangalia kidonge mukononi mwangu, akaangalia mukwe, akasukuma kigari chake. Baadaye akarudi peke yake, akapiga magoti kando yangu, akaninong'oneza: “Koko, huyu papa ni nani yako?”

“Bwana ya binti yangu.”

“Ah, bokilo, mukwe wako! Kwetu Kasai pia bokilo hawezi kula mbele ya bokilo. Bakia hapo.”

Akasimama, akatoa sauti ya kazi. “Papa, samahani. Kuja nyuma unisaidie. Kuna kitu kizito.”

Mukwe alishangaa, lakini alikwenda. Pazia la nyuma likafungwa. Punde si punde musichana akaniletea sahani yangu, akanifungulia chupa ya maji, akanitandikia kitambaa kwenye magoti. Nimekula kwenye harusi ambapo wanakutupia sahani kama unawadai. Huyu aliweka kijiko upande wa mukono wangu!

“Kula pole pole, koko. Kile kitu ni kizito sana, hatarudi mbio.”

Nikala. Mifupa niliiacha myeupe. Nikameza dawa, kichwa kikatulia, nikaona hata mawingu ni mazuri. Musichana akaondoa sahani, akapangusa meza, kama hapakuwa na kitu.

Ndipo mukwe akarudi, akapita mbele ya magoti yangu kwa adabu, akakaa.

“Muliweza kukibeba?” nikamuuliza.

“Ndiyo, mama. Kilikuwa kizito kweli.”

Punje moja ya wali ilikuwa imekaa kwenye ndevu zake. Nikageuka upande wa yule muzee, nikaanza kumuuliza habari za watoto wake, mpaka mukwe wangu apanguse mudomo.