Gakunzi Aliyekwenda Kuposa Peke Yake

Shemeji yangu Gakunzi hawezi kutulia. Nasema mapema ili usije ukanilaumu baadaye kwamba nilimsengenya. Amemwoa mdogo wangu huu mwaka wa kumi na nane, na katika muda huo wote sijamwona akimaliza sahani ya chakula bila kuinuka. Atainuka kuchungulia dirishani, atainuka kutafuta chumvi iliyo mbele yake, atainuka kwa sababu simu imelia kwa jirani. Kazini kwake, kwenye ghala moja kubwa hapa Louisville, wasimamizi wanampenda kwa sababu hiyohiyo. Wenzake wanalalamika kwamba zamu moja ni maili kumi za kutembea. Yeye anazitembea zote, kisha akirudi nyumbani anazunguka maegesho ya magari.

Mambo yake pia amezoea kuyafanya peke yake, ila hilo si la tabia. Walizaliwa wavulana watano huko milimani juu ya Uvira, na vita viliwamaliza wanne. Yule aliyemfuata kwa juu aliacha mtoto wa miaka minne, Cyubahiro. Gakunzi alimbeba mgongoni hadi kambini Burundi, yeye mwenyewe akiwa kijana ambaye hata mke hana, akamlea na hatimaye akaja naye Kentucky. Sasa Cyubahiro ana miaka ishirini na sita na anafanya kazi kiwandani Tonawanda, kaskazini kidogo ya Buffalo. Huko Buffalo amempata msichana wa kwetu, Vestine, mpole lakini si mjinga.

Kwetu watu wanaposa wakiwa kundi. Wazee wa upande wa kijana wanakaa mstari mmoja, wazee wa upande wa binti wanakaa mstari wa pili, mnatazamana, na chakula hakiletwi mpaka posa ikubaliwe. Msemaji wa binti anawachokoza wageni, anajifanya hawajui, anawauliza kama wamepotea njia. Msemaji wa kijana anajibu kwa utani, na wenzake wanaitikia nyuma yake ili ionekane kwamba kijana ana watu. Hiyo ndiyo maana ya shughuli yote. Binti hapewi kijana tu, anapewa watu.

Gakunzi alikuwa na mtu mmoja. Mjomba wake Azarias, mzee wa miaka sabini na mitano, anakaa Columbus na binti yake, na kwa maneno hakuna anayemweza. Mipango ilikuwa hivi: Ijumaa Gakunzi apande ndege hadi Columbus, amchukue mzee, washike basi la jioni hadi Cleveland, na alfajiri wapande treni ya kwenda Buffalo, kwa sababu Azarias hapandi ndege. Alipanda moja tu, ile iliyomleta Amerika, na anasema ilimtosha. Gari hawangeweza kulitumia. Mdogo wangu analihitaji kwenda kazini, na lile gari halifiki hata Cincinnati.

Nikamwambia waahirishe, waende majira ya joto, watu wakiwa na likizo. Akasema haiwezekani. Walishaahirisha mara moja mwezi wa tatu, ghala lilipolazimisha watu kufanya kazi wikendi. Nyarugabo, msemaji wa upande wa binti, alimpigia simu akamwambia kwa adabu kabisa, “Bwana, tumesikia. Lakini mukikosa tena, sisi tutajua kama binti yetu hamumutaki, na mulango tutafunga.”

Basi Ijumaa asubuhi akaondoka, suti mkononi ndani ya mfuko wa plastiki. Saa nne simu ikalia. Nilikuwa kazini, namlisha uji bibi mmoja mzungu ninayemtunza.

“Shemeji, niko Charlotte.”

“Charlotte ni wapi? Si unaenda Columbus?”

“Ndege yao njo inapita huku. Tumerudi kusini juu ya kwenda kaskazini. Donc, hii watu sijui nani aliwafundisha njia.”

Alisema amekwisha kuuzunguka uwanja wote mara mbili, na sasa mlinzi mmoja anamtazama vibaya. Nikamwambia akae. Akasema viti vya pale ni vibaya. Nikakata simu kwa sababu bibi alikuwa amefunga mdomo.

Simu ya pili ilikuja saa kumi, na safari hii hakuwa na mzaha. Alikuwa amesimama nje ya nyumba ya Azarias huko Columbus. Alimkuta mzee amevaa koti na kofia, fimbo mkononi, amekaa kwenye kiti karibu na mlango tangu asubuhi. Binti yake alikuwa amesimama mbele ya mlango huohuo na kipimo cha presha. Alikuwa amempima mara tatu, na kila mara ilipanda zaidi. Daktari alisema kwa simu kwamba mzee asitoke, na apelekwe hospitali isiposhuka kufikia jioni.

“Mzee anasema nini?” nikamuuliza.

“Anasema tuende. Anasema atakufa tukimaliza kuposa. Nimemwambia abaki. Haiko namna ingine.”

“Basi rudi nyumbani. Umpigie Nyarugabo, umweleze ugonjwa.”

“Mwezi wa tatu nilieleza kazi. Leo nieleze ugonjwa. Shemeji, wewe ungeamini?”

Nisingeamini. Mtu akiahirisha posa mara mbili, sababu zake huwa nzuri kila mara. Nilimwonea huruma, na papo hapo nilikasirika. Miaka yote hii watu wa kanisani wakimwalika arusini, anakuja, anasaidia kubeba viti, kisha anaondoka kabla watu hawajakaa. Angekuwa ametulia mahali, angekuwa na marafiki wa kumsindikiza. Niliwaza hivyo, sikusema, na sasa naona aibu hata kwa kuwaza.

Akapanda basi peke yake. Usiku wa Cleveland siuelezi, yeye mwenyewe ameueleza vya kutosha. Alfajiri akaingia kwenye treni na tiketi mbili, akakaa dirishani, na kwenye kiti cha mzee akaweka suti. Alikuwa ameamua kuwa msemaji mwenyewe. Akaanza kujizoeza yale majibu ya utani, kwanza kwa kunong'ona, baadaye kwa sauti, akitembea katikati ya viti na kurudi. Mama mmoja mbele yake alihama behewa. Ilipofika karibu na Erie treni ikasimama shambani kupisha treni za mizigo, moja, ya pili, ya tatu. Hapo Gakunzi alikaribia kupasuka. Mwenye kukagua tiketi alimwomba mara mbili arudi kitini. Mara ya tatu hakumwomba, alimshika bega akamkalisha. Walifika Buffalo saa tano badala ya saa tatu, na posa ilikuwa saa nane.

Cyubahiro alikuwa kituoni na gari. Alitazama mlango wa treni nyuma ya Gakunzi, akasubiri, akatazama tena.

“Baba mdogo, mzee Azarias?”

“Presha.”

Kijana akasema ana marafiki wanne kazini, wana suti, wanaweza kuja sasa hivi. Gakunzi akakataa. Vijana hawaposi, wangechekwa wao na yeye pamoja. Akataka kujua wazee wote wa kwetu walioko Buffalo. Cyubahiro akawahesabu kwa vidole, na kila mmoja alikuwa upande wa Vestine, ama kwa damu, ama kwa ndoa, ama kwa kwaya. Mji wenyewe una wazee wachache, na upande wa binti ulikuwa umewawahi wote.

Wakaenda Grant Street. Gakunzi alikuwa na wazo kwamba kwenye barabara yenye maduka mengi ya Wakongo hatakosa mzee mmoja asiye na kazi Jumamosi. Aliingia duka la Mirindi, Mushi, yaani mtu wa kabila la Bashi wa upande wa Bukavu, anayeuza unga wa muhogo, dagaa na vitenge, akamweleza shida yake mbele ya wateja. Mirindi alisikiliza mpaka mwisho huku akipima maharage.

“Mzee, mimi ni Mushi. Wataniuliza mambo ya ng'ombe zenu, nitajibu nini?”

“Utanyamaza tu. Utaitikia.”

“Kama ni wa kunyamaza, beba hii gunia ya unga, tuivalishe kofia.” Wateja wakacheka. Mirindi alipoona Gakunzi hacheki, aliacha kupima. “Nisamehe, ndugu. Wale wazee wa binti ni wateja wangu, bananijua wote. Itakuwa mchezo, na wewe hutaki mchezo.” Akaingia nyuma ya duka akatoka na kreti ya Fanta, akakataa kulipwa. “Usiende mikono mitupu.”

Saa nane kamili Gakunzi alikuwa amesimama kwenye baraza la nyumba ya kina Vestine, suti mwilini, kreti mikononi. Cyubahiro alibaki garini mtaa wa pili, maana kijana haingii hapo mpaka aitwe. Haya yaliyofuata nimeyapata kwake na kwa watu watatu waliokuwepo, na wote wanakubaliana.

Sebule ilikuwa imepangwa vizuri. Upande mmoja wazee kumi na watatu wenye suti. Upande wa pili viti kumi vyeupe vya plastiki, vitupu. Nyuma walikaa wanawake na majirani, wakiwemo Wabembe na Bashi, ndiyo maana shughuli iliendeshwa kwa Kiswahili. Gakunzi akaweka kreti chini, akakaa kiti cha katikati. Kulia kwake viti vitupu, kushoto kwake viti vitupu. Akaanza kutikisa goti.

Nyarugabo alidhani wengine wako nje, akaanza uchokozi wake kama kawaida.

“Karibu mgeni. Umepotea? Hapa si kituo ya basi.”

“Sikupotea,” akasema Gakunzi. Maneno yote aliyojizoeza kwenye treni yalikuwa yamekwenda.

“Bon. Na wenzako? Wanatafuta mahali pa kuegesha magari?”

Watu wakacheka, kwa sababu hapo ndipo pa kuchekea. Msemaji mzuri angejibu kwamba wenzake wamebaki nyuma wakichunga ng'ombe wa mahari, na chumba kizima kingepiga makofi. Gakunzi akainuka. Kwetu mgeni wa posa hainuki mpaka aambiwe, lakini alikwisha kuinuka.

“Hawaegeshi,” akasema. “Kaka yangu wa kwanza iko kule kilimani, juu ya kijiji chetu. Wa pili aliingia pori, hakutoka. Wa tatu na baba ya huyu kijana, tuliwazika njiani siku moja, na hatukuchimba sana, juu tulikuwa tunakimbia. Mjomba wangu mwenye alibaki iko mgonjwa Columbus. Mwezi wa tatu tuliwakosea. Leo singeweza kuwakosea tena. Donc, nimekuja. Wengine haiko.”

Akabaki amesimama. Hakujua kama aende mlangoni au akae. Nyarugabo alikuwa anatazama karatasi aliyoandikia maneno yake. Mtu mmoja aliniambia kwamba waliona aibu, si kwa ajili yake, kwa ajili ya ule utani wenyewe, maana karibu kila mmoja kwenye ule mstari wa suti alikuwa na ndugu asiyeegesha gari.

Pembeni kwenye sofa, na blanketi magotini, alikuwa amekaa Mariya, nyanya wa Vestine, aliyepita miaka themanini. Wanawake hawasemi katika hatua hiyo. Yeye akasema.

“Sylveri.”

Sylveri ni mwanawe mkubwa, baba mkubwa wa Vestine, mtu mnene aliyekaa katikati kabisa ya mstari wao.

“Naam, mama.”

“Huku tumejaa. Hamia kule.”

Sylveri akatabasamu, akidhani ni mzaha wa uzee. “Mama, mimi niko upande wa binti.”

“Nilikuzaa, najua uko wa nani. Hamia kule.”

Akainuka. Alivuka ile nafasi katikati ya mistari taratibu, akishikilia tai yake, akakaa kiti cha kulia kwa Gakunzi. Kiti kililalamika. Akamvuta Gakunzi kwa mkono wa koti mpaka naye akakaa. Kisha mzee mwingine, ambaye hakuna aliyemtuma, akainuka akavuka. Akafuata wa tatu. Nyarugabo akawaangalia wakimaliza kukaa, akafunga kifungo cha koti, akaanza upya kana kwamba hakuna lililotokea.

“Karibuni, wageni. Mumekuja kutafuta nini kwetu?”

Gakunzi akaanza kuinuka tena. Sylveri akamwekea mkono juu ya goti, akamjibia.

“Tumekuja kuomba binti yenu Vestine, kwa mtoto wetu Cyubahiro.”

Miaka ishirini na miwili Gakunzi alikuwa amemwita yule kijana mtoto wangu. Hakuna kaka yake aliyekuwa hai wa kusema mtoto wetu.

Mimi nilikuwa Louisville, sijui lolote, natembea jikoni kutoka friji hadi mlango kama yeye. Simu ilipolia saa kumi na moja nilisikia kelele, watoto, vijiko, mtu anaimba.

“Walikubali?” nikauliza.

“Sijui, shemeji,” akasema Gakunzi. “Nilikuwa nalia, sikusikia. Lakini wameleta chakula.”