Jani la Buluu

Ndugu wawili mtambo mmoja, na salamu hakuna: hayo ndiyo yalikuwa maisha ya Nusrat pale mjini Kashan. Baba yao, mfumaji wa zari, alipofariki, kiti cha chini, cha fundi, kilichukuliwa na Yadullah, mkubwa. Nusrat akabaki juu ya mtambo, miguu ikining'inia, akivuta kamba zinazofungua njia ya maua ndani ya hariri. Sifa zote zikawa za wa chini. Wa juu nani anamjua? Jambo hilo lilimkaa Nusrat kooni, na tangu matanga ya baba hawakuambizana ila neno la kazi.

"Vuta!"

"Tayari!"

Msimu ule wa kuchuma mawaridi walikuwa wakifuma nguo ya kufunika kaburi la sharifu mmoja. Zari hufumwa kifudifudi: uso wake hutazama sakafu, na fundi huuchungulia kwenye kioo kilicholazwa chini yake. Nusrat alimwona kaka yake akipitisha uzi wa buluu palipotakiwa kijani. Akangoja aufumue. Yadullah aliinamia kioo, akaridhika, akaendelea.

Nusrat akaelewa. Kaka haoni.

Kiti alichokitamani maisha yake yote kilikuwa mbele yake. Neno moja tu kwa tajiri aliyeagiza nguo lingetosha. Alikunywa chai ya mchana bila kuionja. Alimchukia Yadullah, ndiyo, lakini kumwona akitolewa mlangoni, mikono mitupu, hakuweza. Huruma ilimkamata, na aliionea hasira.

"Vuta!"

"Tayari. Kijani, mkono wako wa kulia."

Mikono ya Yadullah ikasimama. "Nani kakuuliza?"

"Hakuna. Kijani, kisha dhahabu."

"Unanifundisha kazi, wewe popo wa darini?"

"Leo popo ndiye anayeona, kaka."

Mkono wa Yadullah ukapapasa, ukashika kijani. Kuanzia hapo kila rangi ilitoka juu, na wa chini hakubisha tena.

Nguo ilipokatwa mtamboni, tajiri aliigeuza, akayapapasa maua yake, akakunja uso.

"Fundi, jani hili mbona buluu?"

"Hilo nimelifuma peke yangu," alisema Yadullah. "Yaliyofuata yote ni ya mdogo wangu."